Mkono umevimba baada ya tiba ya saratani ya titi: akandwe, ameze vidonge vya kukojoza, au abanwe bandeji?

BintiPangani
Habari za jioni wakubwa. Nauliza kwa ajili ya mama. Alitolewa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani, akapigwa mionzi, akamaliza tiba miaka miwili iliyopita. Sasa mkono wa kulia unavimba. Juu ya kiwiko una sentimita 31, wa kushoto 27. Asubuhi unapungua, jioni pete haivuki kidole. Hauumi, ila anasema ni mzito. Majirani wanasema akandwe kwa maji ya moto na chumvi, duka la dawa wamempa Lasix (vidonge vya kukojoza), na shangazi anashikilia kuwa ni matende. Tufuate lipi?

FizioMoro
Pole kwa kuuguza, dada. Kabla ya kugusa huo mkono, arudi kliniki ya saratani. Wamshike kwapani na juu ya mtulinga kutafuta uvimbe mpya, na wakiona haja apigwe ultrasaundi ya mishipa kuhakikisha hakuna damu iliyoganda. Mkono uliovimba ghafla kwa siku moja au mbili, wenye maumivu au uliogeuka rangi, haufungwi bandeji kabla ya hapo.

Wakikuta kwapa ni safi, basi ni majimaji ya limfu. Tezi zilizotolewa ndizo zilizokuwa njia ya kuyarudisha kwenye damu, na mionzi nayo huacha kovu linalobana njia zilizobaki. Ndiyo maana uvimbe unaweza kuanza miezi au hata miaka baadaye. Tofauti ya sentimita 2 inatosha kuchunguzwa, na mama ana 4.

Lasix haifai kwa uvimbe huu. Majimaji haya yana protini. Kidonge kinatoa maji kwa njia ya mkojo, protini inabaki mkononi na kuvuta maji mengine. Anabaki na kiu, kizunguzungu na upungufu wa potasiamu, mkono uko vilevile. Ila kama daktari alishamwandikia kwa ajili ya moyo au presha, asiache bila kumuuliza.

Maji ya moto ni mabaya zaidi. Joto linatanua mishipa, damu nyingi inaingia mkononi, na njia ya kutokea ndiyo ile iliyokatwa. Isitoshe, wengi hubaki na ganzi upande huo, au vidoleni kwa sababu ya dawa za saratani, hivyo anaungua bila kusikia.

Bonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo cha mkono, hesabu hadi kumi, achia. Kishimo kikibaki, bado ni majimaji na yatatoka vizuri. Panapokuwa pagumu kama ngozi ya ngoma, kazi ni ndefu. Usisubiri ufike huko.

Nesi_wa_Zamu
Shangazi hajakosea sana. Matende nayo ni limfu iliyoziba, ila kule chanzo ni minyoo inayoenezwa na mbu. Usafi wa ngozi ni uleule: sabuni na maji ya kawaida kila siku, kukausha taratibu hadi katikati ya vidole, kisha mafuta yasiyo na manukato ili ngozi isipasuke. Avae glavu akipalilia au akipara samaki. Asichanjwe chale mkono huo hata kidogo. Sindano na kipimo cha presha viende mkono wa kushoto inapowezekana.

Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na homa au kutetemeka, ni hospitali siku hiyohiyo apate antibiotiki, hata kama ni usiku. Afungue bandeji hadi wekundu na maumivu vitulie. Kila maambukizi yanaharibu vijia vilivyobaki na uvimbe unaongezeka.

BintiPangani
Asanteni sana. Je, naweza kumfunga bandeji ya krepu nyumbani? Na kuteka maji aache kabisa?

FizioMoro
Krepu ya dukani, hapana. Inavutika sana, inaendelea kukaba hata mkono ukiwa umetulia, na ikikunjamana inakuwa kamba. Inatakiwa ile inayovutika kidogo: mkono ukitulia haikabi, misuli ikifanya kazi inagonga ukuta na kusukuma majimaji juu. Nenda idara ya fiziotherapia ya hospitali ya mkoa au rufaa, wamfunge wao mara za mwanzo huku wakikufundisha.

Mpangilio ni huu: soksi nyepesi ya pamba, gozi vidoleni, pamba ya kutandika kuzunguka kiganja na kiwiko, kisha bandeji ya sentimita 6 kiganjani, 8 kwenye kigasha, 10 hadi karibu na kwapa. Kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Mkandamizo uwe mkubwa kiganjani na upungue kadiri unavyopanda. Ukikaza zaidi juu, vidole vitavimba. Vikipauka, vikiwa vya bluu au vikifa ganzi, fungua palepale.

Hufungwa upya kila siku, kwa kawaida wiki 2 hadi 4. Vipimo vikiacha kushuka ndipo apimwe mkono maalumu wa kubana (vazi la kuvutika kama mkono wa shati), mara nyingi wenye mkandamizo wa milimita 20 hadi 30 za zebaki. Ukinunuliwa wakati mkono wa mama ungali umejaa, utampwaya baada ya mwezi. Avae asubuhi, avue wakati wa kulala. Awe nayo miwili, ifuliwe bila kukamuliwa, ianikwe kivulini. Ikivaliwa kila siku, baada ya miezi 6 hivi imelegea.

Kuteka maji asiache, aanze kidogo. Utafiti wa Marekani wa 2009 kwa wanawake 141 wenye uvimbe huu ulionyesha kuwa kunyanyua uzito kwa kuongeza polepole, chini ya uangalizi, hakukuzidisha uvimbe. Aanze na chupa ya nusu lita, mara kumi, akiwa amevaa cha kubana, aongeze baada ya wiki mkono usipovimba. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, bado mapema.

Na upimaji: utepe uleule, Jumamosi asubuhi kabla hajafanya kazi, sentimita 10 juu na 10 chini ya kiwiko, mikono yote miwili. Andika kwenye daftari, uende nalo kliniki.