Mrejesho: kumbe ni chenga za picha, kioo hakina shida kubwa

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini darubini yangu hapa Ujiji inanipa jibu jipya kila usiku. Napima kasoro za kioo kwa njia aliyoieleza mtafiti Gonsalves mwaka 1982: picha mbili za nyota ileile, moja ndani ya fokasi, nyingine nimeitoa fokasi makusudi kwa kiasi ninachokijua, kisha programu inazilinganisha na kukadiria umbo la kioo. Nilishaanza kumshuku fundi aliyeniuzia.

Mkuu mmoja akanijibu, "Ikuze ile ya pili uitazame." Nikaikuza. Chenga tupu! Ndani ya fokasi mwanga umejikusanya kwenye pikseli chache. Ukiitoa unatawanyika kama chapati, kila pikseli inabaki na mwanga kiduchu na chenga za kamera zinaumeza. Programu nayo haibagui, inazigeuza kuwa vilima na mabonde ya kioo ambayo hayapo.

Sasa napiga picha 16 ndani ya fokasi na 16 nje yake, na kuchukua wastani wa kila kundi. Chenga zinapungua mara 4 tu, si 16 (kipeuo cha pili, nilikisahau tangu shule). Kwenye kila picha naondoa pia kile kinachoonekana kwenye picha za giza, nilizopiga mfuniko ukiwa umefungwa, maana joto la huku linaitesa kamera. Na maumbo ya Zernike, yale ya kihesabu ambayo programu inayajumlisha kuchora kasoro za kioo, nimeyapunguza kutoka 36 hadi 11. Yale ya mikunjo midogomidogo ndiyo yaliyokuwa yanazoa chenga zote.

Siku tatu mfululizo jibu ni lilelile: astigmatizimu kidogo, yaani kioo kimepinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Fundi wangu, popote ulipo, niwie radhi.