Je, kufuta nauli kumepunguza foleni Luxemburg?

Ndugu zangu, naileta hoja hii tuijadili. Tangu mwishoni mwa Februari 2020, Luxemburg, nchi ya watu wasiofika laki saba, imefuta nauli za mabasi, tramu na treni nchini kote, isipokuwa daraja la kwanza la treni. Wapo wanaoisifu hatua hiyo kuwa dawa ya foleni, na wapo wanaoiita ufujaji wa kodi. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinaikuza nauli kupita kiasi.

Kabla ya kufutwa, nauli ziliingiza takribani euro milioni 41 kwa mwaka, ilhali kuendesha mfumo mzima kuligharimu zaidi ya euro milioni 500. Mlipa kodi alikuwa ameshaubeba mzigo karibu wote, hivyo kilio cha ufujaji hakina msingi. Lakini kwa hesabu hiyo hiyo, mwenye gari ambaye tiketi ya euro 2 haikumvuta, si rahisi avutwe na kufutwa kwake. Yeye anatazama muda.

Muda umeokolewa na reli. Tramu, iliyoondolewa mwaka 1964, ilirejea jijini Desemba 2017, na wakati huo huo kikafunguliwa kituo cha Pfaffenthal bondeni: abiria anashuka kwenye treni, anaingia katika behewa linalovutwa kwa kamba ya chuma kupanda mteremko, na muda si mrefu yuko Kirchberg, zilipo taasisi za Ulaya, bila kuzunguka hadi stesheni kuu kutafuta basi. Kazi hiyo inastahili sifa kuliko tangazo la nauli.

Kiini cha foleni kiko mpakani. Wafanyakazi zaidi ya 200,000 wanaishi Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani, wengi kwa sababu nyumba za Luxemburg ni ghali mno. Kwao usafiri wa bure unakomea mpakani; anayetoka Thionville bado anakilipia kipande cha Ufaransa, na treni za asubuhi hujaa. Mwaka 2018 serikali za Luxemburg na Ufaransa zilikubaliana kugharimia kwa pamoja miradi ya usafiri upande wa Ufaransa, na huko ndiko ningependa fedha zaidi zielekezwe.

Najua watakaosema kwamba kodi ya Luxemburg haipaswi kujenga stesheni za jirani. Mfanyakazi huyo, hata hivyo, hukatwa kodi ya mshahara huko huko Luxemburg. Wanaopinga watueleze: kwa haki gani fedha zake zigharimie usafiri wa jiji ambalo hawezi kumudu kupanga nyumba ndani yake, kisha reli ya kumfikisha kazini ihesabiwe kuwa ni shauri la nchi nyingine?