Waya za S13 zimeliwa na tairi: niunge au nibadilishe wayaringi (tita la waya) nzima?

Msokoto (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kabla sijashika mkasi.

Gari ni Nissan Silvia S13 ya 1991, injini SR20DET, kazi yake drifti tu (kulitelezesha kwenye kona kwa makusudi). Aliyekuwa nalo kabla yangu alizitoa waya za mbele kwenye chumba cha injini akazificha ndani ya madigadi, ili ukifungua boneti pawe peupe papendeze. Mimi nikaja nikafunga vyuma vya kuongeza kona ya usukani. Nadhani mshaelewa. Usukani ukikatwa mpaka mwisho, tairi la mbele kushoto linaingia kwenye madigadi na kulisaga tita zima la waya. Plastiki ya kuzuia matope nilishaitoa zamani.

Ilianza taa ya kushoto kuzima. Kisha fyuzi: naweka, inaungua, naweka, inaungua. Juzi gari limelala kwenye kona, usukani umekatwa wote, injini ikakata kama mtu kazima swichi. Nikanyoosha usukani, ikashika tena.

Nimefungua madigadi nikahesabu: waya 11 zimeumia: 7 zimechubuka, 4 zimekatika kabisa na shaba yake imegeuka kijani. Nikaona nivute tepu na kwenye wayaringi ya injini, karibu na tabo (turbo). Ganda la waya likavunjika mkononi kama kijiti kikavu.

Kuna jamaa ana wayaringi iliyotolewa kwenye S13 nyingine. Niunge hizi, nichukue hiyo ya mtumba, au nisuke mpya? Naomba kuwasilisha.

Tairi_la_Nyuma

Uzi bila picha ni hadithi. Weka picha mkuu.

Kizibo

Unga hizo nne kwa risasi ya kuyeyusha (solda), piga tepu, rudi uwanjani. Mimi nimeunga hivyo miaka na miaka na gari linatembea. Watu wanapenda kukuza mambo.

Koleo

Kizibo, gari lako linatembea. La mwenzako linatetemeka, linagonga kingo na kulala ubavu siku nzima. Risasi ikiyeyuka inapanda ndani ya nyuzi za shaba, inafanya kipande kigumu, na pale ugumu unapoishia ndipo waya inapokatikia kwa mtikisiko. Ganda liko zima, ndani kumeachana. Utautafuta ugonjwa huo mpaka uchoke.

Msokoto, una matatizo mawili, usiyachanganye.

La kwanza ni waya za mbele zilizosagwa. Hizo zinaungika, maana zimeumia kwa msuguano, si kwa uzee. Kata nyuma mpaka uone shaba inayong'aa. Ukijani ukiuacha ndani, kiungo hakitadumu. Ingiza kipande kipya cha waya cha unene uleule, bana kwa kibanio chenye koleo lake maalumu, siyo pulaizi, kisha funika kwa mpira wa kusinyaa ule wenye gundi ndani. Viungo visikae mstari mmoja. Kimoja hapa, kingine vidole vitatu mbele, la sivyo utapata uvimbe ambao haupindi. Na zile 7 zilizochubuka usiziamini hata kidogo. Kila moja ichunguze peke yake.

La pili ni waya za injini zilizokauka. Hapo hakuna cha kuunga. Ganda likishavunjika ukilishika, limevunjika na kule usikokuona.

Msokoto

Asante Koleo. Ila hizo zilizochubuka nimezipima kwa mita, zote zinalia mlio. Si nzima basi?

Koleo

Hata uzi mmoja wa shaba ukibaki, mita italia. Mita inapitisha umeme kiduchu mno. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, ipitishie umeme kwenye waya hiyo. Balbu hiyo inavuta karibu ampea 1.75. Ikiwaka hafifu, au ikififia ukitikisa waya, umepata jibu.

Mama Gereji

Mwanangu, hiyo ya mtumba iache. Imetoka gari la umri uleule, imekaa jirani na tabo ileile. Unabadilisha mzee kwa mzee. Labda ukate soketi zake tu, maana soketi za zamani zenye klipu nzima hazipatikani kirahisi.

Ukisuka mpya, usitumie waya za nyumbani. Nimeziona kwenye magari ya watu, tena na kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya maelfu. Waya ya nyumbani ganda lake halikuumbwa kwa joto la injini. Tafuta ya magari yenye ganda gumu la joto la nyuzi 125, au yenye ganda la plastiki ya Tefzel inayofika 150 na ni nyembamba zaidi, tita linakuwa dogo. Waya za sensa ya pembe ya kemshafti ziwe zenye wavu wa kuzuia kelele za umeme. Sensa yenyewe inasoma mwanga kupitia sahani yenye vitobo 360, kwa hiyo kelele kidogo ya koili ikiingia, kontroli boksi inahesabu vitobo visivyokuwepo. Wavu huo ufungwe eathi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri) upande mmoja tu, wa kontroli boksi.

Halafu nijibu swali moja. Eathi ya kutoka injini kwenda bodi ipo?

Msokoto

Eathi ya betri ipo mama, nimeisafisha.

Mama Gereji

Sijauliza ya betri. Ya INJINI. Giaboksi imeshawahi kushushwa?

Msokoto

Ilishushwa mara mbili kubadilisha klachi. Ngoja nikaangalie.

Tairi_la_Nyuma

Tumekaa mkao wa kusubiri. Picha bado.

Msokoto

Wakuu nimerudi, na aibu yangu.

Mkanda wa eathi wa nyuma ya injini haupo. Bolti ipo, mkanda haupo. Nikaweka mita kwenye volti, ncha moja kwenye injini, nyingine kwenye kichwa HASI cha betri. Nikampa mtu apige stata: volti 1.3. Mama, ilitakiwa iwe ngapi?

Kingine: kebo ya mafuta, ile ya kuvuta kilango cha hewa ya injini, plastiki yake imeyeyuka sehemu inapopita kwenye ukuta wa moto, ule unaotenga injini na kabini. Nilidhani ni joto la eksozi.

Mama Gereji

Isizidi 0.2. Umeme wa stata lazima urudi betri, ukikosa mkanda unajitafutia njia. Ulipita kwenye kebo yako, na ulipita kwenye vile viwaya vyembamba vya eathi za sensa. Joto la tabo lina kesi yake, lakini na wewe umezichemsha waya mwenyewe kwa ndani kila ulipopiga stata. Ungefunga wayaringi mpya bila mkanda huo, nayo ungeipika.

Kizibo

Hiyo ya kebo sikuwa naijua. Nakubali.

Koleo

Sasa njia ya kupitisha. Kwenye madigadi usirudi. Panda juu, kando ya ukuta wa moto, mbali na tairi na mbali na eksozi. Shikilia kwa klipu zenye mpira, na pale wayaringi inapotoka kwenye bodi kwenda injini acha mkunjo uliolegea, maana injini inacheza kwenye mpira wake. Kabla hujakata chochote, andika lebo kila soketi na piga picha. Ukija kulehemu bodi, toa betri na uchomoe kontroli boksi kwanza.

Msokoto

Mrejesho, maana huwa tunaomba ushauri na kupotea.

Waya za mbele nimeunga na kuhamisha. Kati ya zile 7, tatu zilifeli balbu, mojawapo ni ya rilei (swichi ya umeme) ya kontroli boksi. Waya hiyo ndiyo iliyokuwa ikizima injini kwenye kona. Mikanda ya eathi nimefunga miwili, na sasa stata inasoma 0.08. Wayaringi ya injini ninaisuka mpya juu ya ubao wenye misumari, nimechora ramani ya ile ya zamani kabla ya kuivua.

Nimekata usukani mpaka mwisho, pande zote mbili, gari likiwa chini kwenye tairi zake, mwenzangu kachuchumaa na tochi. Tairi linapita, waya iko juu kabisa. Limegusa bampa tu.

Tairi_la_Nyuma, picha hizo hapo chini.