Mjadala: Sisimizi maji moto kwenye mikorosho, tuwaue au tuwaache?

Mkulima, Newala: Waokotaji wanakataa kuingia shambani kwangu kwa sababu ya maji moto. Nimeamua kuchoma viota vyote kabla mabibo hayajaanza kudondoka. Anayepinga aseme.

Mkulima, Mtama: Napinga, ndugu yangu. Maji moto ndiye anayekuwindia mbu wa mikorosho wakati wa machipukizi na maua, mdudu ambaye akifyonza chipukizi linageuka jeusi na kukauka. Na moto wenyewe hauwamalizi. Koloni moja hutandaza viota kwenye miti kadhaa, malkia ni mmoja, na pengine kwenye mti unaouchoma hayupo.

Uhai wa koloni uko kwenye ovari za huyo malkia, yaani viungo vinavyotengeneza mayai. Ni mafungu ya mirija myembamba. Kwenye ncha ya mrija seli changa zinagawanyika, na katika kila kundi moja inakuwa yai, nyingine zinakuwa walishi. Walishi wanalimiminia yai vyote walivyonavyo mpaka wanakwisha wenyewe. Yai linateremka likizidi kunenepa, linavikwa ganda, na likikaribia kutoka linapata mbegu ya dume ambayo malkia ameihifadhi tangu alipopandwa. Hilo hutoa jike, na vibarua wote unaowaona mtini ni majike. Yai lisilopata mbegu hutoa dume.

Vibarua nao wana ovari. Malkia akiwepo, mayai yao ni ya chakula, wanamlisha yeye. Watafiti wa sisimizi Hölldobler na Wilson walieleza mwaka 1983 kwamba malkia akitoweka, hao vibarua hutaga mayai yanayotoa madume, na dume hawindi mbu. Kwa hiyo wanaobeba viota bila malkia kwenda shamba jingine nao wanajichosha.

Mkulima, Newala: Mayai nimeelewa. Waokotaji je? Mama zetu wanaumwa mpaka kope zinavimba.

Mkulima, Mtama: Hilo ni kweli, na lisipotatuliwa watu wataendelea kuchoma. Maji moto anang'ata, kisha anapulizia asidi kwenye jeraha, ndiyo maana panawaka. Lakini korosho tunaziokota chini. Fyeka chini ya mti, pogoa matawi yanayogusa ardhi maana wanateremkia humo, na anayepanda kupogoa ajipake majivu mikononi. Halafu kabla hujawasha moto, hesabu machipukizi yaliyokauka kwenye mti wenye maji moto na kwenye mti usio nao, uweke hesabu hapa tuione wote.