Kitanda cha kamba na kiti cha enzi vimepigwa rangi nyeupe, nivichubue ama niache?

bintiMalindi: Asalaam aleikum jamani. Kuna Mtaliano huku Malindi anafunga nyumba arudi kwao akawa anauza vitu vya ndani, nikajibebea kitanda cha kamba cha kizamani na kiti cha enzi (kile kiti kikubwa cha heshima cha Waswahili), bei poa. Sasa shida vyote vimepigwa rangi nyeupe ya mafuta, sijui ndo walikuwa wanataka vifanane na bichi, lakini pale ilipobanduka naona mbao ya hudhurungi nzuri tu. Kamba zimeoza, tendegu moja (mguu wa kitanda) linacheza na kwa chini ya mfumbati (ule mti wa ubavuni) kuna vitundu vinatoa unga. Fundi wa hapa jirani aniambia nipige brauni juu yake niwambe (nisuke kamba za kulalia) na nailoni yaishe. Mwasemaje?

fundiLangoni: Waaleikum salaam dada. Usipige rangi juu ya rangi. Lakini kabla ya yote huo unga, kama ni mweupe mweupe na ukifagia leo kesho umerudi basi dumuzi, wadudu wa mbao, wamo ndani wanakula, kitenge mbali na vyombo vyako vingine. Chukua dawa ya wadudu wa mbao, vuta kwa sirinji uingize tundu kwa tundu, halafu funga mbao yote na karatasi ya plastiki isipite hewa, uiache siku kadhaa. Ukianza na msasa hapo wadudu wako hai wafanya kazi bure.
Rangi tumia dawa ya kuchubulia, pakaa, ngoja ivimbe, kwangua na kisu butu kufuata nyuzi za mbao. Kostiki soda hapana, yaunguza mbao na kulegeza viungo. Rangi za kitambo zingine zina madini ya risasi (ledi), ni sumu, kwa hio usikwangue kavu watoto wakiwa karibu, tumia msasa wa maji na ufunge pua. Na kama hio mbao ni mvule, vumbi lake pekee lawasha ngozi na mapua, mimi hupiga chafya mpaka magharibi lol. Msasa anza namba 80, nenda 120, maliza 240 ulio laini.
Tendegu usipige msumari!! Lifungue, safisha gundi kuukuu kwenye ulimi na tundu, tia gundi ya mbao, kaza na kamba mpaka ishike. Msumari wa chuma na hii hewa ya chumvi wapata kutu na doa jeusi.

mamaShela: Nailoni?? Mwanangu nailoni yateleza fundoni na mgongo utakwambia. Tafuta kamba ya makumbi (maganda ya nazi), ama ya miyaa (makuti ya mkindu) kama unaipata, na umtafute mzee ajuae kuwamba, wamebaki wachache lakini wapo. Italegea miezi ya kwanza, hio ni kawaida, yakazwa tena. Wambeni wawili, mmoja avute mmoja ashikilie, peke yako hutaweza.

kimya_kimya: Mimi nauliza hicho kiti, kina vipande vyeupe vilivyopachikwa? Viangalie kwa karibu kabla hujapiga msasa. Ukiona vinukta vidogo vidogo vyeusi huo ni mfupa, ukiona mistari inakatana kama wavu kwenye ncha ilokatwa hio huenda ni pembe ya ndovu, na hapo usiuze wala usipeleke kokote, sheria ya wanyamapori ya 2013 haichezi, waulize KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) kwanza.

fundiLangoni: Kweli, nimesahau kiti. Kama ni cha mpingo, hauhitaji vanishi nzito, mafuta ya kitani kidogo na kitambaa watosha. Ila kile kitambaa usikikunje ukakitupa pembeni, chaweza kuwaka chenyewe, kitandaze nje kikauke.

bintiMalindi: Nimeangalia na tochi, ni vinukta vinukta alhamdulillah. Unga nimeufagia asubuhi, jioni upo tena 😩 basi dawa kwanza. Mama Shela huyo mzee wa kuwamba Malindi nitampata ama nije Amu (Lamu)?

mamaShela: Njoo Amu, lete vipimo vya kitanda, kamba tutanunua huku.