Acheni kusema mdogo wangu ana tamaa! Hizi mashine za kamari zimeundwa kunasa watu

Ndugu zangu, nimechoka na hilo neno "tamaa". Jana tena jirani kanisimanga dukani mbele ya wateja, eti mdogo wangu hana akili ndiyo maana kauza bodaboda yake. Huyo jirani hajawahi kukaa mbele ya mashine hata dakika kumi.

Niko Busia, upande wa Uganda, nauza unga na sukari. Miezi mingi kijana alikuwa akija kuvunja noti ya elfu kumi, anataka sarafu za mia tano tu, zile za korongo. Nikadhani ni chenji ya abiria. Kumbe nilikuwa nailisha mashine kwa mikono yangu! Hilo linaniuma mpaka leo.

Siku moja nikamfuata kwenye kile chumba nyuma ya vibanda. Nilimwita mara tatu, hakusikia. Unatia sarafu, unabonyeza chungwa, tufaha au kengele, taa inazunguka kwenye picha, inasimama. Ikasimama picha moja tu kabla ya kengele aliyoiwekea pesa. Akageuka macho yanawaka: "Dada, umeona? Imekaribia!"

Haikukaribia chochote. Kompyuta ndogo iliyomo ndani ndiyo inayoamua. Taa inakimbia kwa ajili ya macho yako. Mzunguko unaofuata haudaiwi chochote na uliopita. Yeye anaamini kwa kuwa imekula tangu asubuhi, sasa lazima itapike. Nani alimfundisha hivyo kama si hiyo taa?

Na huwa inatapika kweli, hapo ndipo mtego ulipo. Isingetoa kitu angeiacha siku ya kwanza. Inatoa kidogo, saa usiyoijua, sarafu zinamwagika kwa kelele chumba kizima kigeuke. B. F. Skinner wa Marekani alishaonyesha kwa njiwa: anayepata punje bila kujua ni mdonoo upi utakaoileta hudonoa bila kuchoka, na hata punje zikikatika hakubali upesi kuacha. Shirika la Afya Duniani linauhesabu uraibu wa kamari kuwa ugonjwa. Ninyi mnasema tamaa!

Sheria ya 2016 inakataza mtu chini ya miaka 25 kucheza kamari nchini humu. Wangu ana 22. Tena afadhali yeye: nilikuta watoto wenye sare za shule wamepanda juu ya kreti za soda ili wafikie vitufe, wanatia sarafu za mia mbili. Saa nne asubuhi! Nikaenda kushtaki ofisini, nikaambiwa nilete ushahidi. Ushahidi gani, na mlango uko wazi barabarani, muziki unalia?

Mwenye ndugu aliyewahi kutoka kwenye kamari, tafadhali anieleze walianzia wapi. Mimi nimekataa kumvunjia noti. Sasa anavunjiwa duka la pili.