Mama yuko msituni: usiku wa roki Berlin, kwenye kikundi cha Ukoo wa Ngamiani

Jumanne, 21 Juni 2022 (saa za Afrika Mashariki)

[15:05] Dada Berlin: Shikamooni wakubwa. Wadogo, hamjambo. Natoa taarifa mapema nisije nikaulizwa kesho: leo natoka na Mama. Tunakwenda kwenye muziki, jukwaa liko msituni. Tutarudi usiku sana. Simu zetu zote mbili zimejaa chaji.

[15:07] Shangazi Mombasa: Marahaba mwanangu. Msituni? Wifi yangu na magoti yale, wampeleka msituni usiku kufanya nini?

[15:08] Mdogo Dar: Muziki gani dada? Taarabu imefika huko?

[15:09] Dada Berlin: Roki. Pearl Jam.

[15:09] Kaka Nairobi: WEWE

[15:09] Kaka Nairobi: Ngoja. Zile tiketi za 2019??

[15:13] Dada Berlin: Zile zile. Nilinunua mbili Desemba 2019, onyesho lilikuwa la Juni 2020. Korona ikaja. Wakasogeza hadi 2021, wakasogeza tena hadi leo. Miaka miwili na nusu zimelala kwenye droo pamoja na pasipoti. Yule rafiki niliyemnunulia ya pili alishahama mji. Mama yupo. Nikamwambia ukweli wote: kuna kelele, kuna watu wanakunywa bia, viti havina migongo. Akasema, "Nimekuja kukuona wewe. Unakokwenda nami nakwenda."

[15:14] Shangazi Mombasa: Huyo ndiye wifi yangu. Lakini bado sijaridhika.

[15:20] Mjomba Tanga: Salaam. Nimeona jina la bendi nikashtuka kidogo. Si hawa waliokuwa jukwaani kwenye tamasha la Roskilde, Denmark, mwaka 2000, watu 9 wakafa kwa kusongamana? Simtishi mtu. Nauliza tu, dada yangu atakaa wapi?

[15:26] Dada Berlin: Ndio hao Mjomba, tarehe 30 Juni 2000. Umeuliza jambo la maana, na mimi nimelifikiria tangu jana. Wale waliofariki walikuwa mbele kabisa, wamesimama, mvua imenyesha, chini kunateleza, na wa nyuma wanasukuma bila kujua kilichotokea mbele. Baada ya hapo tamasha lile likaligawa eneo la mbele kwa vizuizi, idadi maalumu kila sehemu. Bendi yenyewe ilikaribia kuacha muziki. Sisi hatusimami mbele. Tuko kwenye mabenchi, juu kabisa, karibu na njia ya kutokea. Nimechagua kwa ajili ya Mama.

[15:27] Mjomba Tanga: Basi. Mungu awatangulie.

[15:31] Kaka Nairobi: Dada naomba kitu kimoja tu maishani. BANGO. Kila onyesho lao lina bango lake, lina mji na tarehe, halichapwi la mji mwingine. Fika mapema, foleni ya bango huwa ndefu kuliko ya chakula.

[15:32] Dada Berlin: Najua. Ndio maana tunatoka saa hizi.

[17:48] Dada Berlin: [picha] Tumeshuka kituo cha Pichelsberg. Kutoka hapa ni kwa miguu, taratibu. Njia nzima ni miti na fulana nyeusi. Mama peke yake ana buibui nyeusi, kwa hiyo hakuna aliyegeuka kumtazama.

[17:50] Mdogo Dar: Kapendeza! Mkoba wake uko wapi?

[17:52] Dada Berlin: Nyumbani. Hawaruhusu mkoba unaozidi karatasi ya A4. Chupa ya chai pia imebaki. Mama amekubali vyote, ila sasa hivi nimegundua ana visheti kwenye mifuko yote miwili ya sweta.

[17:53] Shangazi Mombasa: Akae njaa kwa sababu ya geti? Amefanya vizuri.

[18:40] Dada Berlin: [picha] BANGO LIMEPATIKANA. Foleni dakika 40. Mama alipewa kiti na kijana asiyemjua, akakaa, akamkaribisha visheti. Kijana kala vitatu.

[18:40] Kaka Nairobi: Naweza kulia hapa kazini.

[19:15] Dada Berlin: Sasa niwaeleze hapa palivyo, maana picha hazisemi. Mnaingia mkitembea kwenye miti ya kawaida tu, huoni jengo, husikii kitu. Halafu ghafla ardhi inafunguka. Ni korongo, na ndani ya korongo mmewekwa mabenchi, yanashuka na kushuka mpaka chini kabisa kwenye jukwaa, kama mtu amechota bakuli katikati ya msitu. Wanaingia zaidi ya watu 22,000. Jukwaa lina paa jeupe kama tanga la jahazi. Na kuzunguka bakuli lote ni miti. Mama alisimama pale juu akashika mkono wangu akasema "Subhanallah", kisha akauliza: "Tunashuka hizo ngazi zote?" Nikamwambia hatushuki hata moja zaidi ya kumi.

[19:18] Mdogo Dar: Kama Ngome Kongwe kule Unguja, zile ngazi za mawe?

[19:20] Dada Berlin: Mpango ni ule ule, watu juu na jukwaa chini. Ila Ngome una kuta. Hapa kuta ni majani.

[19:24] Shangazi Mombasa: Kwetu huku msitu una adabu yake. Kaya za Wamijikenda haingii mtu ila kwa idhini ya wazee, na kelele hakuna. Hao Wazungu msitu wauona kama ukumbi?

[19:33] Dada Berlin: Shangazi, nalijibu kwa moyo mmoja. Mahali hapa pana historia mbaya ndani yake. Palijengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1936, wakati wa Hitler, kazi ya msanifu yule yule wa uwanja mkubwa wa jirani, Werner March, na walipapa jina la mshairi wa chama chao. Vita vilipoisha jina likafutwa, sasa panaitwa Waldbühne, yaani jukwaa la msituni tu. Pakawa pa ndondi na sinema. Kisha 15 Septemba 1965 wakaja Rolling Stones. Wakapiga muda mfupi wakaondoka, vijana wakang'oa mabenchi, wakapigana na polisi, wakavunja na treni wakati wa kurudi. Baada ya hapo ikapita miaka mingi pako nusu kimya. Kwa hiyo adabu hapa watu wamejifunza kwa kuumia. Leo naona mtu akimaliza kinywaji anarudisha glasi yake ya plastiki, kwa sababu aliiwekea dhamana ya pesa akinunua. Chini ya benchi letu hakuna hata karatasi.

[19:41] Mjomba Tanga: Umesema Waldbühne? Hapo ndipo alipopiga Bob Marley!

[19:42] Dada Berlin: Ndipo Mjomba.

[19:47] Mjomba Tanga: 20 Juni 1980. Jana imetimia miaka 42. Aprili mwaka ule ule alikuwa Harare, wakati ule bado Salisbury, uwanja wa Rufaro, usiku Zimbabwe inapata uhuru. Sisi tuko Tanga na redio moja baraza nzima. Mwezi Mei mwaka uliofuata amefariki. Mwambie dada yangu anakaa pale alipoimba yule ambaye yeye alininyima kuning'iniza picha yake ukutani.

[19:50] Dada Berlin: Nimemsomea. Anasema ukuta ulikuwa umepakwa chokaa mpya.

[19:51] Mjomba Tanga: Hilo ni kweli.

[20:36] Dada Berlin: Wamepanda. Naweka simu mfukoni.

[20:37] Kaka Nairobi: Andika nyimbo walizoanza nazo! Hawapigi orodha moja usiku mbili!

[20:58] Kaka Nairobi: Dada?

[21:20] Shangazi Mombasa: Yu wapi huyu mtoto?

[21:22] Mdogo Dar: Shangazi, yuko kwenye muziki.

[22:21] Dada Berlin: Tuko salama. Naandika haraka. Mama alianza na vizibo vya masikio nilivyomnunulia duka la dawa. Nyimbo tatu hivi amekaa mikono mapajani kama yuko hospitali. Halafu akatoa kizibo kimoja. Halafu cha pili. Nikamwangalia, akaniinamia: "Huyu si yule aliyekuwa akiungulika kwenye redio ya kaka yako, chumba cha uani?"

[22:21] Dada Berlin: Nikamwambia ndiye Mama. Ndiye huyo huyo.

[22:22] Kaka Nairobi: Sina maneno

[22:23] Kaka Nairobi: Kaseti ile niliipata kwa kubadilishana na viatu vyangu vya mpira. Nilikuwa naipiga sauti ya chini kabisa nikidhani hasikii.

[22:24] Mdogo Dar: Bro, nyumba nzima tulikuwa tunasikia.

[22:38] Dada Berlin: Kwenu usiku mkubwa, huku ndio kwanza jua linazama. Leo ndiyo siku ndefu kuliko zote za mwaka. Mama ameniambia Maghrib imeingia. Tumepanda hadi nyuma ya safu ya mwisho, chini ya miti, nimeitafuta kibla kwa simu, ametandika kanga. Mama anaswali na nyuma yake watu elfu ngapi sijui wanaimba kwa pamoja. Nimesimama kumlinda asikanyagwe. Hakuna aliyekanyaga. Waliokuwa wanapita walizunguka kwa mbali, mmoja akavuta mwenzake kwa mkono ili wapishe. Sijui nitawaelezaje. Nilikuwa nalia na sikuwa na huzuni yoyote.

[22:41] Shangazi Mombasa: Allah amkubalie. Na Isha je? Nasikia huko giza haliingii sawasawa.

[22:43] Dada Berlin: Juni haliingii kabisa Shangazi, mwanga mdogo unabaki upande wa kaskazini usiku kucha. Msikiti wa mtaani una ratiba yake ya kiangazi, Mama anaifuata hiyo.

[22:44] Shangazi Mombasa: Haya. Nimeridhika sasa.

[23:58] Dada Berlin: Wamemaliza. Tumekaa tu kwenye benchi tunasubiri ngazi zipungue watu, kama nilivyomuahidi Mjomba. Hatuna haraka.

[00:02] Kaka Nairobi: Sauti ilikuwaje? Huwa naogopa maonyesho ya nje, upepo unaila.

[00:09] Dada Berlin: Hilo ndilo jambo nililotaka kukuambia wewe hasa. Kwa juu sauti inapanda korongo imeshapunguzwa ukali, hakuna ukuta wa kuirudisha, kwa hiyo gita husikii mara mbili kama kwenye ukumbi wa zege. Besi unaipata kwenye benchi, kwenye mifupa. Sauti ya Eddie Vedder, mwimbaji wao, ni nzito, inatoka kifuani, ikifika huku kwenye miti unasikia hata anapovuta pumzi. Na mwanga ulipoanza kupungua, taa za jukwaa zikawa zinapanda kwenye majani. Mpaka hapo nilikuwa naangalia jukwaa. Kuanzia hapo nikawa naangalia miti. Nilikuwa hapa hapa 2018 walipokuja Julai, niko mbele kule chini, nimebanwa, naona kisogo cha mtu. Nilidhani ndipo pa kukaa shabiki wa kweli. Leo nimeuona muziki wote.

[00:11] Kaka Nairobi: Orodha ya nyimbo?

[00:12] Dada Berlin: Kesho, kaka. Nimeziandika kwenye kiganja cha Mama kwa wino, karatasi sikuwa nayo.

[00:20] Dada Berlin: Tena, benchi la mbele yetu kulikuwa na mama wa Kijerumani, rika la Mama, fulana ya bendi, goti limefungwa bendeji. Mama hajui Kijerumani, yule hajui Kiswahili. Wameoneshana magoti. Yule akatoa mto wake wa kukalia akampa Mama, yeye akakunja koti akalikalia. Onyesho zima. Wakati wa kuagana Mama akamvalisha kanga mabegani, ile aliyoswalia.

[00:21] Shangazi Mombasa: Kanga gani? Isiwe ile nilomletea mimi sikukuu!

[00:22] Dada Berlin: Ndiyo hiyo Shangazi.

[00:24] Shangazi Mombasa: Basi nitamletea nyingine. Imekwenda kwa mtu mwema.

[01:03] Dada Berlin: Ngazi zimeisha. Vijana watatu walituwashia tochi za simu mpaka juu, mmoja kamshika Mama kiwiko. Tuko kwenye treni, Mama amepata kiti. Behewa zima linaimba bado.

[01:04] Mjomba Tanga: Mabenchi hawakung'oa?

[01:05] Dada Berlin: Hata moja, Mjomba.

[01:52] Mama: Nimefika. Magoti yanauma nimepaka dawa. Bango la kaka yenu nitalibeba mkononi kwenye ndege, kwenye begi litakunjika. Mdogo njoo uwanja wa ndege na gari sio bodaboda. Nani anajua hawa watu watakuja lini tena